Tantine na Jeni za Shanga

Mwalimu wetu wa sayansi alinipa kazi ya kueleza darasani, kwa mdomo, jinsi kompyuta inavyotambua jeni ndani ya DNA. Hiyo "kwa mdomo" ndiyo iliyoniua. Mimi hata jina langu likiitwa asubuhi huwa nainua kidole tu.

Nikaamua shanga ziongee kwa niaba yangu. DNA huandikwa kwa herufi nne, na saluni ya mama hapa mtaani Yeoville ina shanga za nywele za kila rangi. Kompyuta huonyeshwa kwanza mifano yenye majibu: hiki jeni, hiki si jeni. Inahesabu herufi zipi zinapenda kukaa pamoja, halafu inaletewa kipande kipya ikisie. Mimi kompyuta yangu ingekuwa tantine, yaani shangazi kwa Kifaransa chake, fundi cherehani wa mlango wa pili.

Nilichukua vipande ishirini vya DNA ya bakteria kutoka kwenye karatasi za mwalimu. Kila kipande rasta moja, kila herufi shanga moja ya rangi yake. Mama akasuka kumi za jeni. Zisizo jeni nikasuka mwenyewe.

Nikamwonyesha tantine nane zenye majibu, kisha nikamletea zilizobaki.

"Hii iko jeni. Hii hapana. Hapana. Jeni."

Hakukosea hata moja. Nikajiona profesa. Kisha nikagundua hajavaa miwani, na bila miwani haoni hata tundu la sindano.

"Tantine, unaangalia rangi gani?"

"Rangi ya nini? Hizi za kukaza ni za mama yako. Hizi za kulegea kama mkia wa panya mwenye kunyeshewa, ni zako."

Mama alicheka mpaka akamwachia mteja kichwa nusu. "Mtoto wa msusi huyu," akasema, "eish, nimfiche wapi?"

Kesho yake ndiyo siku ya kusimama mbele, na mama alikuwa na wateja watatu kwenye foleni, asingeweza kunisukia zangu upya. Nikazifumua za kwake zote, nikazisuka upya mwenyewe, ili ziwe mbaya sawasawa. Nilipomjaribu tena, tantine akakosea tano mfululizo, akanuna, akavaa miwani, akaanza kuhesabu shanga za zile zenye majibu.

"Bon. Kwenye jeni, njano na buluu zimezidi."

Darasani nilizinyanyua zile rasta nikangoja ziongee. Zikaning'inia tu. Watu wakaanza kucheka usukaji wangu.

"Msiangalie usukaji," nikasema. "Fundi wetu aliangalia usukaji, akapata zote, na alikuwa hajui chochote."

Walitaka kujua fundi gani, kwa hiyo nikaendelea.