Kiti cha Mbele katika Ndege ya Chanjo

Nilipewa kiti cha mbele kwa sababu ya unene. Sioni haya kusema. Mvua ikishaharibu barabara ya Kasomeno, chanjo za vituo vya upande wa ziwa Moero husafiri kwa ndege ndogo ya injini moja, na ndege hiyo haijali cheo cha mtu. Kabla ya safari kila abiria hupanda kwenye mizani, na aliye mzito kuliko wote hukaa mbele, kuume kwa rubani, ili mkia usilemewe. Mimi, mtunza chanjo, niliwashinda wote kwa uzito, miaka mingi. Wenzangu walinicheka. Wacheke tu, wao walikaa nyuma wamekumbatia magoti katikati ya makasha ya barafu.

Rubani wetu alikuwa mzee mmoja, mtoto wa Wakasai waliohamia Lubumbashi zamani, shati limepigwa pasi hata siku ya matope. Sote tulimwita Komanda. Mbele kulikuwa na kaske mbili za masikioni, yake na yangu, kwa hiyo tuliyozungumza hayakusikika nyuma. Niseme wazi: mume wangu alikuwa amefariki, watoto wangu mmoja yuko Kinshasa, mwingine Afrika Kusini, na katika nyumba yangu ya Kasungami redio ilisema peke yake kutwa nzima. Ile saa moja na nusu ya kila Jumanne, kwenda, na nyingine kurudi, ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu ya wiki.

Msimu mmoja wa mvua alianza kunifundisha.

"Mama, kamata hapa," aliniambia akinionyesha usukani wa upande wangu, kisha akaachia wake. "Hapana kukaza. Kamata sawa vile unakamata mukono ya mutoto mu barabara."

Nilipiga kelele mpaka muuguzi aliyekaa nyuma akanigusa bega. Lakini nilishika. Komanda alinionyesha mstari ule ambapo ardhi inakutana na mbingu, akasema nisihangaike na vipimo vyote vilivyo mbele yangu: pua ikae chini ya mstari kidogo, mabawa yalingane nao, basi. Jumanne iliyofuata tulijifunza redio, kitufe cha kubonyeza na maneno ya kusema. Ya tatu sikuipenda. Alinionyesha kishikio cha kurudisha kiti chake nyuma, na jinsi ya kumkaza mkanda wa kifuani asiangukie usukani.

"Kama miye nimelala," alisema, "kwanza univute nyuma. Kisha angalia mustari. Kisha bonyeza, useme na bantu ba chini, batakuonyesha namna ya kushuka. Usifanye mambo mbili mara moja."

"Komanda, utalala sababu ya nini?"

"Bazee banalala, mama."

Tulicheka wote wawili. Nilifurahi mno, sikuwa na nafasi ya kufikiri. Nyumbani nilishika kifuniko cha sufuria kwa mikono miwili, nikatamka maneno ya redio kwa Kifaransa changu cha shule, huku kuku wa jirani wakinitazama mlangoni. Mwanamke wa umri wangu! Nilijua Komanda hakuwahi kumfundisha abiria mwingine yeyote, na hilo lilinipa kichwa.

Msimu huohuo nilikuwa nimekonda. Mtu anayepika kwa ajili yake mwenyewe tu, baada ya muda hupika mara moja kwa siku, kisha anasahau hata hiyo. Asubuhi moja alikuja daktari mpya, mtu mnene mwenye sauti kubwa, na mizani ikaonyesha kwamba amenipita mbali. Nilibeba mkoba wangu nikaelekea nyuma.

"Mama, mbele," Komanda akasema.

"Docta eko na kilo kunipita."

"Nimesema mbele."

Alisogeza makasha mawili hadi miguuni pangu ili ndege ilingane. Nilipanda nikikumbuka lile somo la kumvuta nyuma. Tulipofika juu nilimwuliza kama ni mgonjwa, na hakukana. Mara mbili macho yalikuwa yamemwingia giza na mkono wa kushoto ukafa, kisha vyote vikarudi. Hakumwambia mtu.

"Bakinitoa mu ndege, nitabakia na nini?" aliniuliza. "Mama, usiseme."

Naye alikuwa mjane. Nilimwahidi nitanyamaza. Nilisema moyoni kwamba ni kwa ajili yake, lakini nilikuwa nahesabu pia Jumanne zangu.

Wiki ya tatu baada ya ahadi hiyo, tukirudi, mbingu safi, alikuwa ananieleza jinsi marehemu mke wake alivyokaanga samaki. Akaacha katikati ya neno. Kichwa kikaegemea dirisha.

Nilivuta kiti. Nilikaza mkanda. Niliushika usukani, nikautafuta mstari, nikaupata. Nyuma daktari alikuwa anakoroma, muuguzi ameinamia simu yake. Wote wawili wana watoto wadogo. Kilichobaki kilikuwa redio. Kidole changu kilikaa juu ya kitufe, na nilijua kwamba nikibonyeza, Komanda haruki tena. Sikubonyeza. Dakika nne kwa saa ya ndege, watu wawili nyuma yangu, nami sikubonyeza.

Alizinduka, akatazama huku na huku, akavuta kiti chake mbele. Tulitua pamoja, yeye kwa mkono mmoja, mimi nikivuta na kusukuma alivyoniamuru. Daktari aliamka magurudumu yalipogusa ardhi, akasema leo tumefika upesi. Usiku ule nilijiogopa mimi mwenyewe.

Asubuhi nilikwenda mjini, kwenye ofisi ya wenye ndege, nikasema yote, hata habari ya kidole changu.

Wiki mbili baadaye Komanda alikuja Kasungami kwa pikipiki ya kukodi, shati limepigwa pasi. Nilimwekea kiti uani. Hakukaa.

"Ni weye ulisema?"

"Ni miye, Komanda."

"Ulishika ndege muzuri," alisema. "Muzuri sana. Hakuna muntu alijua." Akanitazama usoni. "Miye nilikufundisha kusudi unikamatie ndege, usiseme."

Nilimwambia chai iko tayari. Alisema hapana, motari wa pikipiki anamngoja, akaondoka. Niliketi kwenye kile kiti nikalia. Hasira yake ningeivumilia. Lakini mzee yule alikuwa amesema kweli yote kuhusu Jumanne zile, na mimi sikuwemo, ila mikono yangu tu.