Masharti ya Masizi

Jéthro Muyisa alikuwaka mutafsiri ya ciné mu quartier Furu, hapa Butembo. Batoto ya leo benye beko na film mu telefone habajui ile kazi ni nini, donc nitaeleza. Cassette ilitokaka Kampala, ikapita Kasindi mu mizigo ya bacommerçants, ikafika kwetu mu anglais, Kiingereza tupu. Mutafsiri anasimama pembeni ya télé na kafimbo mukononi, na kila kitu batu ya film banasema, yeye anaigeuza mu Swahili, ao mu Kinande kama iko neno ya kuchekesha. Mimi, Mama Ornella, nilikuwa nauzisha beignets, ile mandazi ya mafuta, na chai ku mulango. Sikulipaka kuingia, mais mbao moja ya ukuta ilikuwa imevunjika mbele ya kiti yangu, na sikuona lazima ya kuambia mutu aitengeneze.

Jéthro alijifunza anglais ku Kasese, wakati alikuwa anasaidia shemeji yake kuuzisha kahawa. Ku njia alikuwaka mutu ya kunyamaza. Anakusalimia "Wasibire, mama," anapita, na ukimuuliza neno ya pili anatafuta jibu kama mutu anatafuta sindano mu majani. Mais ukimuwekea télé pembeni, anakuwa polisi, anakuwa mwizi, anakuwa mwanamuke ya muzungu yenye analia. Tulicheka naye, tukalia naye, na akitoka pale anarudia tena kunyamaza.

Mu ile miaka ya vita, wakati moteur ya courant ilikuwa inawaka tu siku mafuta ya mazout inapatikana, Papa Zorobabel, mwenye ciné, alileta feuilleton, film ya kuendelea mu cassette mingi, ya mutu moja ya nguvu. Jina yake ya anglais hakuna mutu aliikamata. Sisi tulimuita Masizi, juu alikuwa anajipakaa masizi ku uso mbele ya kutoka usiku. Haikuwa feuilleton ya kufurahisha roho. Ni muji yenye mvua haiishake, bakubwa benye banakula mali ya batu, na ule Masizi, yenye aliungua mu shimo ya makaa, akarudia hai, na toka siku ile risasi haimuingie. Anapiga bezi. Mara anapiga pia mutu yenye hana kosa, na haombake musamaha.

Cassette zilikuwa zinakuja moja moja. Kati ya moja na ingine batu banabaki na kazi ya kubishana tu, ku fontaine, mu soko, mpaka mbele ya kanisa, Bakatolika na Baprotestanti sawasawa. Bijana balikuwa banakwangula masizi ku sufuria ya bamama yabo ili bajipakae, na mwaka ile sufuria za quartier zilingaa kuliko siku zote. Basoda bakiingia banakaa mbele bila kulipa, na moja yabo alikuwa anasema "ndoki", mulozi, kila mara Masizi anatokea, mpaka batu bakamuzoea.

Providence, mushonaji yenye machine yake ilikuwa karibu na meza yangu, alikuwa upande ya adui, chef moja ya bezi yenye jicho ya chupa. "Jicho ya Chupa analipaka batu yake," alisemaka. "Bakikufa, anabazika. Masizi yenu hajanunulia hata mama yake chumvi." Banaume balikuwa banakasirika kabisa, juu ilikuwa kweli. Siku Masizi aliua polisi moja baba ya batoto, muzee moja ya Musienene yenye alikuwa amekuja kuuzisha viazi alitoka katikati ya film, akasema ile ni mambo ya shetani, hatarudia. Siku ya soko yenye ilifuata alikuwa amekaa ku banc ya mbele na mukoba yake ku magoti.

Sasa sikia vile kosa ilianza. Mu cassette ya pili, banapiga Masizi risasi ku kifua, anainuka, anapanguza koti. Batu bakauliza Jéthro: "Mais juu ya nini haimuingie?" Mu film hakuna mutu alisema juu ya nini. Bazungu baliona inatosha kuonyesha. Mais hapa kwetu kila mutu anajua kama risasi haikuingie, iko sababu: baganga ya Mayi-Mayi, bale bapiganaji ya pori, bamekunyunyizia mayi ya dawa, na bamekupa masharti. Ukivunja sharti moja, mayi inabaki mayi. Jéthro akasimama pale na kafimbo yake, na batu bakaanza kumuzomea, eti hajui anglais, barudishiwe pesa yabo. Akasema: "Ako na masharti tatu. Hapana kushika mutu mukono. Hapana kuangalia nyuma. Hapana kula chakula mwanamuke amepika."

Ciné yote ikatulia. Balisikia ni vile inapaswa kuwa. Toka pale hakuna mutu alifuata tena bile batu ya film banasema. Balikuwa banachunga masharti. Mutu akinyoosha mukono kumusalimia Masizi, banc zote zinamukataza. Na kweli, Masizi hakukuwa mutu ya kusalimia batu, ni vile alikuwa na roho ya kukauka, donc neno ya Jéthro ilikuwa inaonekana sawa kila siku.

Jéthro alikuwa na mudogo yake, Maliro, kijana ya chukudu, ile kinga ya mbao ya kubeba mizigo, yenye alikuwa anashusha viazi na maharage toka Musienene. Maliro alijua masharti ya Masizi kupita catéchisme. Mama yabo, Kavira, mujane, alikuja asubui moja ku meza yangu. Jéthro alikuwa anakunywa chai. Kavira hakukaa. Alisema mbele yangu, juu mimi ni jirani na hakuna kitu ya kunificha.

"Mudogo yako anataka kwenda kwa Mayi-Mayi, upande ya Alimbongo. Anasema vita itafika hapa na yeye hawezi kuingoja mu nyumba. Mimi hanisikie. Wewe anakusikiaka."

Jéthro akaweka kikombe chini. "Mama, nitasema naye."

"Usiseme naye kama baba. Baba alikufa. Sema naye vile unasemaka mule ndani."

Alisema naye. Maliro alimujibu na heshima, vile mudogo anajibuka yaya yake: "Yaya, bale bananyunyiziwa. Wewe mwenyewe ulitufundisha vile inafanyaka. Mutu akichunga masharti, anarudia kwabo." Jéthro alinieleza ile maneno yeye mwenyewe, na uso yake ilikuwa imekauka. Nikamwambia, mwenye kuwasha moto ndiye anauzima. Alinikasirikia, akaanza kukunywa chai kwa mama mwingine.

Kisha cassette ya mwisho ikafika. Papa Zorobabel na Jéthro baliiangalia kwanza bao babili, vile bafanyaka, ili mutafsiri asishituke mbele ya batu. Jéthro alitoka pale anacheka, akaja moja kwa moja kwangu, kasirani imeisha.

"Mama Ornella, bamemuua. Muuzishaji ya mazout, mutu hata jina hana. Amemupiga risasi moja ku mugongo, imeingia. Na hakuna sababu. Hakuna kabisa. Maliro ataisikia na masikio yake."

Papa Zorobabel alikuwa anamufuata nyuma. "Hautasema vile," akamwambia. "Batavunja banc zangu. Tafuta sharti moja, sema aliivunja, batu barudie kulala."

"Hapana, papa."

"Sikio haipitake kichwa, Jéthro. Ciné ni yangu."

"Ciné ni yako, papa. Mudogo ni yangu."

Sikuwa nimemusikia kukatalia mutu mukubwa mbele ya siku ile. Papa Zorobabel aliniangalia kama vile ni mimi nilimufundisha.

Siku ya film, ciné ilijaa mpaka batu balikaa chini. Maliro alikuwa mbele kabisa. Masizi alianguka mu matope, mvua inamushukia, na Jéthro akapunguza sauti ya télé, kitu yenye hakufanyaka. Akasema: "Risasi imeingia. Hakuvunja sharti. Hakukuwaka na sharti. Ni mutu tu, na risasi inaingiaka mu mutu."

Mimi ku mulango nilikuwa nakusanya bikombe byangu mbele ya vita kuanza. Haikuanza. Ni Providence alisema, polepole: "Ile supu. Alikunywa supu ya ule mujane."

Na ilikuwa kweli. Mu cassette mbili mbele ya ile, Masizi alikuwa na kidonda, mujane moja akamuingiza mu nyumba, akamupa supu, akaikunywa yote. Siku ile hakuna mutu alifikiria sharti, juu bote balikuwa banalia. Sasa ciné nzima ikaamuka. Bakaanza kukumbushana bakuli, kijiko, vile alifunga macho. Balifurahi, nakuambia. Mutu yabo amekufa na bao banapigana mikono, juu sababu imepatikana. Bamoja bakasema Jéthro alikuwa anaficha juu ya kuhurumia ule mujane. Maliro akasimama, akageukia yaya yake, akamwambia na kicheko, bila ubaya: "Yaya, leo anglais imekupita."

Bote bakacheka. Jéthro akasema, "Ni mimi niliweka ile masharti," akarudia tena, mais batu balikuwa banatoka na moteur inanguruma. Kwangu bananunua beignets na kuongea supu, supu, supu. Niliuzisha mpaka ndoo ikaisha, na sitadanganya, siku ile nilifurahi.

Maliro alienda Alimbongo mbele ya kanisa ya dimanche.

Alirudia mara moja. Vita ilikuwa inatoka upande ya Mambasa, bakimbizi bamejaa Beni, na kikundi yabo ilikuwa inapita Butembo kuelekea kule. Mukubwa yabo akabaachilia basalimie batu ya nyumbani. Jéthro hakukuwa pale, alikuwa ameenda Beni kutafsiri ku ciné moja ya kule, juu Papa Zorobabel alikuwa hamupe tena kazi kila siku. Mimi nilikuwa kwa Kavira. Maliro alikonda, shingo imebaki mifupa. Mama yake alimupikia bukari na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, akatia ndani samaki ya Kyavinyonge. Maliro aliangalia ile sahani wakati murefu.

"Mama, sisi hatukulake chakula ya banamuke."

"Mimi niko mwanamuke?" Kavira akamuuliza. "Mimi niko mama yako."

Akakaa karibu naye, akamunawisha mikono. Maliro akakula. Alikula vizuri, akaomba ingine, akalamba bidole. Kavira alikuwa anamuangalia tu, yeye mwenyewe hakugusa kitu, na mimi nilirudia kwangu na roho ya kutulia.

Habari ililetwa na mwenzake moja yenye mukono ilikuwa imefungwa kitambaa. Maliro alikufa ngambo ya Beni, mu pori, na habakuweza kuleta mwili. Tulikaa matanga bila maiti. Ni kitu mbaya. Batu habajui baangalie wapi, donc banaangalia mama.

Na mu ile matanga batu bakafanya vile balizoea mu ciné. Hakuna mutu aliuliza nani alipiga, ao nani alituma bijana pale. Baliuliza: alivunja nini? Alishika mutu mukono? Aliangalia nyuma? Ule mwenzake akasema hapana, Maliro alichunga masharti kupita bao bote, balikuwa banamucheka hata. Bakafikiri. Kisha Providence, yenye hana roho mbaya, ni mudomo tu inamutangulia, akauliza: "Mbele ya kufika kule, alikulaka wapi?"

Kavira alikuwa amekaa ku mukeka, kitambaa ku kichwa. Benye balijua balinyamaza, na benye habakujua bakajua. Nilikasirika sana. Kavira akasema mwenyewe: "Alikula kwangu."

Jéthro, yenye alirudia toka Beni juu ya matanga, akasimama. Alitumia ile sauti yake ya ciné, yenye sikuwa nimemusikia akiitumia inje. Alisema mu Swahili, akarudia yote mu Kinande, ili hata bamukaka, bale bamama bazee, basikie. Alisema mu film hakukuwaka masharti, hata moja. Alisema ni yeye aliitunga siku balimuzomea, juu aliogopa kupoteza kazi. Alisema supu ilikuwa supu. Masizi alikufa juu mutu alimupiga risasi, na Maliro vile vile, na chakula ya mama haijaua mutu. Akaomba balete Biblia aape. Akageukia Papa Zorobabel amusaidie, mais Papa Zorobabel hajui anglais. Alifungua mikono tu.

Nilingoja bamutukane. Ingekuwa afazali. Batu balimuangalia na huruma, kila mutu ku kiti yake, na muzee moja ya kanisa akasema na sauti ndogo, mais nyumba yote ilisikia: "Ni mutoto muzuri. Anaharibu jina yake juu ya mama yake." Batu bakatikisa vichwa, bakakubali. Providence alikuwa analia.

Kavira akamuita Jéthro, akamuonyesha nafasi ku mukeka. Jéthro akakaa. Mama yake akamushika mukono na mikono yake yote mbili.

"Wasingya, mutoto yangu," akamushukuru. "Umetafsiri vizuri. Mais ile sombe, ni mimi niliipika."