Saa ya Marehemu Maganga

Ukimtafuta Scolastika sokoni Nyasubi, hapa Kahama, tafuta meza ya nyanya ambayo mwenyewe haiti wateja. Meza ya dagaa inayopiga kelele pembeni yake ni yangu mimi, Mama Vumilia. Wateja wake namwitia mimi. Nimemwambia mpaka nimechoka, "Mama Bujiku, fungua mdomo, nyanya hazijiuzi!" Anacheka huku kaziba meno kwa kiganja, basi, imeisha hiyo.

Mumewe alikuwa Maganga, mchimbaji wa dhahabu kule Geita. Alikuwa mtu wa kuchelewa, haki ya Mungu. Akisema anafika Jumamosi, jua wazi ni Jumatatu. Na saa yake ya mkono, otomatiki ya Kijapani aliyoachiwa na baba yake, nayo ilikuwa inachelewa, na hakutaka fundi aiguse. Scolastika alikuwa akimtania, "Wewe na hiyo saa yako, nani kamfundisha mwenzake kuchelewa?" Siku mtoto wao Bujiku alipozaliwa, Maganga alichukua msumari akachora herufi B mgongoni mwa saa, B yenyewe imepinda kama mkia wa mbuzi. Akatuonyesha soko zima.

Sasa, wachimbaji hawashuki na saa. Kabla hujaingia duarani, yaani kwenye lile shimo lao, unavua saa na simu unamwachia mwenzako anayebaki juu kushika kamba. Siku ile Maganga alimwachia Marwa. Duara likaporomoka. Walichimba, wakachimba, udongo ukazidi kushuka, mwisho wakaambiwa waache wasije wakafa na wengine. Maganga yuko huko chini mpaka leo. Marwa alichanganyikiwa akakimbia na saa ya mwenzake mkononi, na baadaye tukasikia kaiuza njiani apate nauli ya kwao.

Mama yake Maganga, bibi Mbuke, anaishi kijijini Kishapu, na macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Siku tunaanua matanga alimshika Scolastika mkono akamwambia, "Ng'wana wane, mwanangu wewe, Maganga hana kaburi. Niletee kitu kilichokunywa jasho lake, nikizike pembeni ya baba yake. Nami nipate pa kukaa nikalia." Tukatazamana. Nguo za nyumbani Scolastika alikuwa ameshazifua zote. Za kazini Maganga alikuwa amezivaa. Ikabaki saa.

Ndipo Charles, anayeuza simu pale stendi, akamuunga kwenye kundi la WhatsApp la wapenda saa za mtumba wa Kanda ya Ziwa. Jamani, watu wana mambo yao! Kila Ijumaa watu wazima wenye ndevu wanapiga picha mikono yao na kuitumiana, huyu anasifia mkanda, yule anasifia kioo. Lakini wana utaratibu wao mmoja mzuri. Ukitaka kuuza saa, lazima uipige picha mgongo, halafu uufungue waone mashine, la sivyo wanakuita tapeli. Scolastika hakuwa na haja na nyuso za saa. Mwaka mzima alikaa humo kimya akitazama migongo.

Siku moja napima dagaa, nikasikia mtu anapiga ukelele, "Paskalia!" Hilo ndilo jina langu, ila sokoni hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Kugeuka, ni Scolastika, kaninyooshea simu. Ilikuwa pale, ile B, na mkia wake wa mbuzi. Muuzaji alikuwa Mwanza huko, hata hakujua ilikotoka. Kwenye lile kundi watu hupunguziana bei mpaka watukanane. Scolastika akaandika neno moja tu, "Nimechukua." Kundi zima likamshangaa.

Na mimi namlaumu kwa kilichofuata, ingawa siwezi kumlaumu. Kwa furaha akaandika tena: "Wadau, hii ni saa ya marehemu mume wangu, ninaipeleka ikazikwe kwa mama yake. Asanteni." Mwanamke asiyeita wateja, siku hiyo ndiyo akaona aongee! Kundi likalipuka. Wengine wakatoa pole, wengine wakasema ni dhambi kuzika otomatiki nzima. Kawaida yao mzigo unapita kwanza kwa kiongozi wa kundi, fundi saa mmoja wa Geita anayeitwa Stanslaus, aukague ndipo umfikie mnunuzi. Stanslaus akajibu, "Mama, usijali. Tutakutendea vizuri."

Kifurushi kikaja kwa basi. Tulikifungulia mezani kwangu, katikati ya dagaa. Loo! Ilikuwa inang'aa utadhani imetoka dukani asubuhi hiyo. Kioo kipya, na mkanda mpya wa ngozi badala ya ule wa chuma uliokuwa umejaa udongo mwekundu wa Geita kwenye pingili zake. Scolastika akaigeuza. Mgongo ulikuwa umepigwa polishi ukawa laini kama kijiko. B haikuwepo. Akapitisha kidole pale ilipokuwa, akapitisha tena. Akafunika nyanya zake akaenda nyumbani mchana ule ule.

Mimi mdomo wangu hauna breki. Nikampigia Stanslaus nikamwaga yote niliyokuwa nayo. Nani kakutuma? Mkanda uko wapi? "Mama, ule wa zamani tulishautupa, ulikuwa mchafu sana," akasema, sauti yake chini. Nikamuuliza kwa nini, kwa nini jamani, mtu mzima na akili zako! Akasema, "Mwenzako alisema inakwenda kuzikwa. Si hata maiti huoshwa, mama? Huoshwa ikavishwa nguo mpya. Tulichanga kundi zima." Nilikuwa nimebakiza matusi mengine. Nikakata simu nikalia.

Tulikwenda Kishapu hivyo hivyo, tungefanyaje? Scolastika aliivaa njia nzima. Tulikuta vijana wa ukoo wameshachimba kashimo kadogo pembeni ya kaburi la baba mtu, na wazee wamekaa kwenye viti. Bibi Mbuke akaipokea kwa mikono miwili. Akaileta puani, akavuta pumzi, akainusa upande wa pili. Akamuuliza mkwewe taratibu, "Mmemwosha?"

"Wamemwosha, mama," Scolastika akajibu. "Sikuwatuma."

"Jasho ndilo nililolitaka."

Scolastika akapiga magoti. Bibi hakumgombeza. Alikaa na ile saa kiganjani kwa muda, halafu sijui ni nini kilimjia, akaiweka sikioni. Uso ukambadilika. "Inapiga," akasema. "Huyu anapiga!"

Wazee wakaguna. Ikabidi Scolastika aeleze: haina betri, inatembea kwa mkono wa mtu. Aliyeivaa akitembea, nayo inatembea. Ikivuliwa ikawekwa, inaendelea kidogo, halafu inasimama yenyewe. Bibi akasikiliza mpaka mwisho. "Basi mimi siziki kitu kinachopiga," akasema. "Mwanangu walimfukia wakati hawajui kama amenyamaza au bado. Hii hapana. Iwekeni ndani, ikinyamaza tutazika."

Ikawekwa kwenye ungo, chumbani, juu ya kitanda ambacho Maganga alilalia akiwa mtoto. Tukangoja. Kutwa ikaisha, inapiga. Tukalala, tukaamka, "Mwangaluka mayu," tukasalimiana, tukanywa uji, inapiga. Stanslaus alikuwa ameitengeneza kweli kweli, haikuchelewa hata kidogo. Kila baada ya muda bibi anauliza pale uani, "Bado?" na Scolastika anaingia ndani, anakaa kidogo, anatoka. "Bado, mama."

Mchana wa siku iliyofuata vijana wakaanza kunung'unika, wana ng'ombe na pamba inawasubiri. Mzee mmoja akanivuta kando. "Mama Vumilia, saa gani hiyo? Nenda kaangalie." Na mimi nilishachoka, nina dagaa zangu zinaharibika Kahama. Nikaingia kwa hasira, nimejipanga kumwambia imetosha, twende tukazike.

Scolastika alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, mgongo kanipa. Saa alikuwa ameishika mkononi. Anaitingisha polepole, kushoto, kulia, kushoto, anaiweka sikioni, anasikiliza. Halafu anaitingisha tena. Alinisikia, akageuka. Hakuificha. Alinitazama tu, machozi yanamtiririka, na mkono wake hauachi kutingisha.

"Bado?" bibi akauliza kule uani.

Scolastika akafungua mdomo, sauti ikagoma kutoka. Nikasimama pale mlangoni, nikamjibu mimi, kwa ile sauti yangu ya sokoni.

"Bado, mama! Bado inapiga!"