Kunde Nilizosema Nimekula

Kwanza nilisikia mchi. Ilikuwa alfajiri, ukungu umeingia mpaka ndani ya nyumba, sioni hata mkono wangu, lakini nilimsikia mtu akitwanga uani: pigo, kimya, pigo. Kinu cha pili kikaitikia kwa jirani, na cha tatu mbali zaidi, upande wa Mkomaindo. Nilikuwa nimekaa kwa mama mdogo, hapa Masasi, miezi mitano, na sikuwahi kusikia vinu vitatu kwa pamoja. Mwaka wa njaa vinu vilipinduliwa vikawa viti, watu wakavikalia wakisubiri kitu ambacho hakuna aliyekitaja. Sasa mtama mpya ulikuwa umevunwa. Masasi nzima ilikuwa inarudi kwenye chakula, nami nilijifunika kaniki masikioni, kwa sababu ugali wa mtama huo ungeliwa kwa kunde, na kunde zilikuwa haramu kwangu.

Mume wangu alikunywa maji. Tulikuwa tukiishi Chilangala, juu, huko ambako mwanamke hushuka bonde zima kutafuta maji ya kunywa, kisha hupanda na mtungi kichwani jua likimwunguza mgongo. Lakini maji aliyokunywa yeye yalitoka mbali zaidi, kwenye kibuyu cha mtu aliyepita akisema kwamba risasi za Mdachi zitayeyuka. Ndugu yangu, mtoto wa pekee wa mama mdogo, alikunywa kibuyu hichohicho. Walikuwa chanda na pete, wakaondoka pamoja kwenda vitani.

Wanaume walipewa miiko yao, na sisi wake zao tukapewa yetu. Tusitie chumvi katika chakula chetu. Tusionje mafuta wala kitu chenye damu. Zaidi ya yote, tusile kunde wala mbaazi. Ganda la kunde hupasuka juani, tuliambiwa, na mke akila kunde kifua cha mumewe kitapasuka hivyohivyo. Mama mzazi hakupewa mwiko, mke tu, na kwa kuwa ndugu yangu hakuwa na mke, mwiko wangu ulimshika na yeye. Tufunge mpaka watakaporudi.

Vita vilikwisha. Waliorudi walirudi, wengine wana alama za mnyororo shingoni. Wawili wetu hawakurudi, wala hakuja mtu wa kusema amewaona wamelala wapi. Wenzangu wa Chilangala wakauacha mwiko mmoja mmoja. Kuna aliyeletewa habari, akanyolewa nywele, akaitwa mjane. Kuna aliyepikiwa kunde na mama yake mwenyewe, akala huku analia, na msimu uliofuata akaolewa tena. Mimi sikuletewa habari wala sikupikiwa. Nilishuka Masasi na chungu changu kidogo, nikawa napika peke yangu kwenye kona ya jiko la mama mdogo, ugali mkavu na majani yaliyochemshwa, nikila nimeelekea ukutani ili harufu ya chakula cha wengine isinikute usoni.

Mama mdogo aliuheshimu ukuta huo. Alipita nyuma yangu kwa kunyata, kama mtu anayepita nyuma ya anayesali.

"Wewe ndiye uliyewashika," aliniambia. "Ukiachia, wanaanguka wote wawili."

Mavuno yalinikuta miguu imevimba. Nywele zilikuwa nyepesi, zina rangi ya majani makavu, na jua likizama nilikuwa sioni, napapasa kuta. Mama mdogo aliniangalia siku nyingi. Hatimaye alisema twende misheni, kwa Bibi, Mzungu aliyekuwa akitazama watoto waliokonda na watu wazima waliovimba, na kuwapangia cha kula. Mama mdogo hakutaka nipangiwe chakula. Alichotaka ni dawa ya miguu, itakayoondoa uvimbe bila kuugusa mwiko. Nami nilitaka hiyohiyo.

"Ataniuliza ninakula nini," nilimwambia.

"Atauliza. Wazungu wanapenda kuyauliza matumbo ya watu. Nitajibu mimi."

"Na akiniuliza mimi mwenyewe?"

"Wewe ulimi wako uache hapa, uufunike na chungu. Ukitaja kibuyu kile mbele ya Mzungu, kesho askari wa Mdachi wamekaa mlangoni wananiuliza mwanangu yuko wapi. Mimi mwenyewe sijui, niwajibu nini?"

Akanikogesha, akanipaka miguu mafuta ya nyonyo mpaka ikang'aa, tusiaibike. Nimeona tangu siku ile kwamba wengi wetu tunakwenda hivyo kwa mtu wa kutupangia chakula. Tunaoga, tunang'aa, na kile kimoja alichohitaji kukiona tunakiacha nyumbani chini ya chungu.

Misheni ilikuwa imeungua wakati wa vita. Waliijenga upya kwa miti na nyasi, na kwenye baraza yake tuliwakuta wanawake wamekaa kwenye gogo. Mmoja alikuwa ametoka Chiwata, anamnyonyesha mtoto na kuwachekesha wenzake.

"Akiniuliza nitasema mbuzi," alisema. "Mbuzi mzima na pembe zake. Asije akaandika barua kwao kwamba watu wa Chiwata wanakula ming'oko kama nguruwe wa porini."

"Na umekula nini?"

"Ming'oko."

Gogo zima likacheka, maana sote tulikuwa tumeichimba mizizi ile msituni mwaka wa njaa, na mikono yetu ilikuwa bado inaikumbuka.

"Sema na pilau," mwingine alimwambia. "Ukidanganya, danganya ushibe."

Bibi alikuwa mwembamba, hajazeeka, na Kiswahili chake cha Unguja alikisema taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alinikandamiza kidole gumba kwenye muundi wa mguu. Kilipotoka kiliacha shimo, nasi watatu tukalitazama tukingoja lizibe. Halikuziba upesi.

"Jana ulikula nini?" aliniuliza.

"Anakula kama sisi, Bibi," mama mdogo alisema. "Ugali wa mtama. Kunde na karanga. Jioni samaki mkavu wa Ruvuma."

"Nimemwuliza yeye."

Mama mdogo alitazama pembeni. Nilihisi macho yake hata hivyo.

"Kunde," nilisema. "Na samaki."

"Nyingi?"

"Nashiba, Bibi."

Hapo ndipo nilipojiponza. Kwetu mtu hasemi kwamba hakushiba. Ukisema hivyo umemtukana aliyepika, umemtukana aliyelima, umewaanika watu wako mbele ya mgeni. Nilikuwa na adabu njema, na adabu hiyo ikampotosha Bibi. Alikunja uso. Mtu anayekula hivi, alisema, hana sababu ya kuvimba hivi, labda kuna minyoo inayokula kabla yake. Akanipa dawa chungu ya kuitoa. Kisha akanipa kopo dogo lenye kifuniko.

"Kila kitakachopita mdomoni mwako, utie punje yake humu. Mtama kwa ugali, kunde kwa kunde, na mboga kipande cha jani. Siku saba. Usibadili chakula chako kwa ajili yangu. Kula kama ulivyozoea, kisha uniletee nione."

Sikuwa na minyoo. Dawa ilizunguka tumboni ikimtafuta adui, haikumpata, ikaondoka na kile kidogo nilichokuwa nacho. Siku mbili nilikwenda nyuma ya nyumba kwa magoti. Siku ya tatu sikuweza kukaa, na nikiwa nimelala mkekani nilisikia punje zikidondoka koponi. Mama mdogo alikuwa ananijazia. Alitia mtama, akatia kunde, akatia mfupa mwembamba wa samaki, kisha akatikisa asikie kama vinatosha. Kopo lilishiba kuliko mimi.

Mchana wa siku ya sita nilijaribu kuikumbuka sauti ya mume wangu. Nilikuwa nimezoea kuiita nikiwa nimeelekea ukuta, nikitafuna ugali usio na ladha, na siku zote ilikuwa inakuja, yenye kukwaruza kidogo, ikiniuliza mtungi uko wapi. Siku ile haikuja. Nilitaja vitu alivyokuwa akivitaja, jembe, mtungi, mlango, nikasikia sauti yangu tu. Nikaogopa. Sikuogopa kwamba amekufa. Niliogopa kwamba nitakufa mimi nikiwa ukutani, na atakaponifungulia kopo Mungu ataona kunde.

Siku ya saba mama mdogo alikwenda shamba mapema. Nikajikokota peke yangu hadi misheni, nikipumzika kila mti. Kwenye mti mmoja nililifungua kopo, nikamwaga kila kilichokuwemo. Nikabakiza punje saba za mtama, na vipande saba nilivyochuma kwenye jani la muhogo lililokuwa kando ya njia.

Bibi akazimimina mezani. Akazitenga kwa ncha ya kidole.

"Hizi ndizo zote?"

"Ndizo zote."

"Na kunde?"

"Sijala kunde tangu mume wangu aondoke."

"Amekukataza nani?"

Niligeuka kutazama barazani. Hapakuwa na mtu wangu hata mmoja. Nimekuwa mpweke siku nyingi maishani, lakini siku ile tu ndipo upweke uliponifaa. Nikamweleza yote, kibuyu, chumvi, ganda la kunde, ndugu yangu. Nilipofika kwenye neno maji aliinuka. Nilidhani anakwenda kuita watu. Alikwenda kufunga dirisha ili barazani wasisikie, akarudi akakaa.

Alikuwa na hasira, na hakuificha.

"Dawa ile ingeweza kukuzika. Nimetibu kunde ambazo hukuzila."

"Nisamehe, Bibi."

"Mume wako kama yu hai sijui. Kama amekufa sijui. Sikuwapo mlipopewa miiko, sitakuja hapa kuicheka. Ninachojua ni miguu. Ukiendelea hivi, maji haya yatapanda hadi kifuani, na mtama mwingine hutauona ukivunwa."

"Hakuna dawa ya kuyaondoa hayo tu? Bila kula?"

Hilo ndilo lililotuleta tangu mwanzo, nami nililisema kwa sauti ndogo kama mtu anayeomba moto kwa jirani.

"Hakuna," alisema. "Ningekuwa nayo, mwaka jana ningewapa watu wote."

Kisha akanieleza, na maneno hayo nimeyashika kuliko somo lolote nililofundishwa baadaye. Nianze na vijiko vitatu vya kunde zilizopondwa, basi. Nisijaze, hata nikitamani, kwa maana tumbo lililofunga muda mrefu likishtuliwa linaua. Kesho vinne. Samaki kidogo wiki ijayo, samaki asiye wa chumvi. Chumvi yenyewe niiache mpaka uvimbe ushuke. Nusu ya mwiko wangu aliiacha palepale ilipokuwa, na nusu nyingine akaitoa.

"Nani anapika kwenu?"

"Mama mdogo."

"Mwambie aje. Mwenye chungu ndiye ninayemhitaji zaidi."

"Hatakuja, Bibi."

Nilifika nyumbani jua la utosini. Mama mdogo alikuwa amesharudi, amefunga mlango nusu kuzuia mbuzi wa jirani, anachochea moto. Kunde zilikuwa jikoni, zimeiva, bado hazijatiwa chumvi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Unatoka wapi na miguu hiyo?"

"Kwa Bibi."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Aliliangalia kopo mkononi mwangu. Alilichukua, akalitikisa, halikulia.

"Ulimi je?"

"Nilikwenda nao."

Akakoroga kitu kisichohitaji kukorogwa.

"Alifunga dirisha," nilimwambia. "Hatasema kwa mtu. Lakini dawa ya miguu bila chakula hana."

"Basi tutafute kwa mwingine."

"Hakuna aliye nayo."

"Mwezi mmoja, mwanangu. Kuna watu wa Newala wanasema wengine wameonekana ng'ambo ya Ruvuma, wanalima kwa watu. Mwezi mmoja tu. Umeshika miaka, utashindwa na mwezi?"

Nilitaka kumwambia kwamba ninampenda, kwamba mikono yake ilinikogesha nilipokuwa siwezi kuinama.

"Mwezi huo sina," nilisema.

Nikachukua bakuli. Nikapakua kunde, nikaziponda kwa mgongo wa kijiko. Angeweza kunizuia, mtoto yeyote angeweza kuninyang'anya bakuli lile siku ile, lakini hakuinua mkono. Kijiko cha kwanza nilikishika mdomoni bila kumeza, nikisikiliza. Nilitegemea kusikia kitu kikipasuka mahali. Palikuwa na jiko, na nzi, na kunde laini zenye ladha ya udongo na moshi, tamu mpaka machozi yakanitoka, nikameza. Cha pili nilimeza haraka zaidi. Mama mdogo alikuwa ananitazama mdomoni. Kijiko cha tatu nusu ilimwagika kifuani, nikaiokota kwa kidole nikaila.

Nikaweka bakuli chini. Mama mdogo akainuka. Akaifungua kaniki yake, akaifunga upya kifuani, kwa namna wanawake wanavyofunga wakienda msibani.

"Mmoja alikuwa wako," alisema, wala hakupaza sauti. "Wa kwangu ungeniachia."

Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukafunga.