Injini ya Ziwa Ndani ya Malava

Siku injini ya boti ilishushwa kutoka kwa pikapu huku Malava, mbali na maji, watu waliuliza kama ziwa limehama. Namalwa, fundi wa kike wa hapo, aliipokea tu. Alikuwa ameachiwa karakana na babake, iko hapo kando ya posho mill, na alishazoea midomo ya senta. Walimcheka alipovaa ovaroli mara ya kwanza, akaendelea na kazi. Sasa hao hao ndio wanamleteanga matrekta yao wakiwa wamefyata mkia.

Mwenye injini alikuwa Ochieng, mzee mpole wa Port Victoria. Boti yake ndiyo inavushanga watoto wa kisiwani kuja shule ng'ambo. Shule zilikuwa zinafungua Jumatatu, na boti ingine hakuna.

"Imekataa kuzunguka, fundi wangu. Kabisa."

Namalwa aliweka chuma kwa flaiwili, lile gurudumu zito la kuzungusha injini, akasukuma mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Wapi! "Mzee, hii imeshikana kuliko ndoa ya kanisani."

Akafungua kichwa cha injini. Alitarajia kutu, hakuna. Pistoni zilikuwa zimekwaruzwa, nyeusi, zimeng'ang'ania kwa silinda. Joto hilo. Akafuata bomba la maji mpaka mwisho, akavuta kitu kirefu chenye nywele, kama wigi ya mtu. Mizizi ya magugu ya ziwani.

"Ati nini?" Akacheka mpaka akakaa chini. "Mzee Ochieng! Unaishi kwa maji, unaoga maji, halafu unanyima injini maji? Hata ng'ombe ya Malava inakunywanga!"

Ochieng alitabasamu akiangalia viatu vyake. Stori ilifika saluni ya Musimbi, jirani, na Musimbi akaipeleka kwa status yake. Jina likashika: Mzee Kiu.

Ukweli ni kwamba Namalwa alifanya kazi safi. Alimwaga mafuta yaliyochanganywa na parafini juu ya pistoni, akayaacha yapenye, akazigonga na kipande cha mti polepole kama anaamsha mtoto. Zikatoka. Akapiga silinda msasa, akaweka pistoni mpya, ringi mpya, gasketi mpya. Ochieng alipiga simu.

"Usiiwashe, fundi wangu. Haina radieta hiyo, inavuta maji ya ziwa yenyewe. Jumamosi nakuja na mpira wa maji, tuinyweshe kwanza kutoka kwa drum."

"Sawa, mzee. Kwani mimi ni mtoto?"

Jumamosi asubuhi injini ilikuwa tayari juu ya mbao, inang'aa. Sasa, pale kwa babake kulikuwa na mtindo wa kukoholesha injini. Kabla ya kuiwekea maji unaiwasha kidogo tu, usikie kifua chake, unazima. Trekta haijawahi lalamika. Namalwa akaona, aki, kikohozi kimoja kitaua nani?

Ikawaka mara moja. Tu-tu-tu-tu! Musimbi akatoka saluni na simu juu, yuko live. Wateja wakamfuata na rola kwa nywele. Watu wa posho mill wakaacha magunia.

"Fundi, ongesa moto!" mtu akaita.

"Malava tumepata bandari!"

Mkono wa Namalwa ulikuwa tayari kwa swichi ya kuzima. Ukatoka hapo, ukaenda kuongeza mafuta. Akacheza hata kidogo, mabega tu, akitazama kamera. Injini ikaimba, ikaimba, halafu sauti ikabana kama mtu aliyekaukiwa koo. Harufu ya mpira kuungua. Tuk. Kimya.

Alipofungua pampu, kile kigurudumu cha mpira cha kuvuta maji kilikuwa kimekuwa uji. Na flaiwili ilikataa kuzunguka.

Watu walikuwa wametawanyika wakati Ochieng aliteremka matatu hapo stegi, mpira wa maji umezunguka shingo yake kama skafu, mkononi mfuko wa omena, dagaa wa ziwani.

"Mzee, nimeiua," Namalwa akasema.

Ochieng akacheka. "Wewe na mchezo."

"Sichezi."

"Ni zamu yangu kuchekwa tena, eh?"

"Mzee, haki ya Mungu. Niliiwasha kavu, iko hata kwa video ya Musimbi."

Ochieng akaweka omena chini, akashika flaiwili na mikono miwili. Akaiachilia taratibu.

Hata hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa afadhali. Aliomba tu aonyeshwe video. Wakasimama bega kwa bega juu ya simu ya Namalwa, mzee akisikiliza injini yake ikiimba, kichwa kikifuata mdundo. Kisha akaweka kidole kwa kioo.

"Hapa. Hapa ndio iliomba maji."

"Nilisikia," Namalwa akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Nilisikia hapo hapo, mzee. Lakini walikuwa wanapiga makofi."

Ochieng akatikisa kichwa. Akatoa simu yake kupigia mwalimu mkuu, amwambie watoto wa kisiwani wasingojewe Jumatatu. Namalwa akauvua ule mpira kwa shingo ya mzee, akaufunga kwa bomba la injini iliyokufa, akakaza sana. Halafu akachukua spana, akaanza tena kufungua kichwa cha injini.