Dumu Lililobaki Jikoni

Usiku, Honorata aliingia jikoni kutafuta kiberiti, akalikuta dumu nyuma ya mlango. Lilikuwa limejaa maji hadi shingoni, na kile kipande cha kanga alichokifunga mwenyewe bado kilikuwa kwenye mshikio. Alikifunga ili wanaume wasilichanganye na madumu ya mawese.

"Yasmini! Njoo uone walichonifanyia!"

Jirani yake Yasmini, aliyekuja kukesha naye hapo Katubuka, alilitazama dumu, akashika mdomo.

"Wamelisahau, dada."

"Wamelishusha! Nililipakia mimi kwa mikono yangu. Ignas akasema gari limejaa, haendi mtu kwa mkwe na dumu moja la mawese. Nikaenda kuita watoto, nyuma yangu wakashusha maji wakapandisha mawese."

Mkwe mwenyewe alikuwa mama yake Honorata, anayeishi Mpanda. Samson, mumewe Honorata, alikuwa anampelekea wajukuu ambao hajawahi kuwaona, kwa gari la Ignas, mdogo wake. Simu ya mwisho aliipiga akiwa Uvinza, mchana: wanaingia kwenye makorongo. Tangu hapo hapatikani.

Honorata aliyajua makorongo yale. Alishawahi kuyapita juu ya lori la chumvi, kiangazi kama hiki. Kingo nyekundu zimesimama kama kuta pande zote mbili, chini mchanga mtupu, joto limejifungia humo kama kwenye tanuri. Ukivuka korongo moja unakutana na jingine, na tone la maji hulioni.

Yeye alikuwa mwanika dagaa kwenye ufukwe wa Kibirizi, na dagaa ndio waliomzuia kusafiri. Shule aliiachia darasa la nne. Alichojifunza baada ya hapo ni kuchunga: kunguru, mawingu, mikono ya watu. Mapacha wake, Kurwa na Doto, aliwazaa wakati wenzake wameshaanza kuitwa bibi, na hao aliwachunga kuliko dagaa. Samson alizoea kumcheka. "Mama Kurwa, wewe ukienda peponi utauliza kama kuna mwamvuli."

"Kaa basi," alisema Yasmini. "Utaitoboa sakafu. Subira, dada."

"Subira haijazi chupa ya mtoto."

Kulipokucha, simu ikalia. Namba ngeni, sauti ya Samson. Gari lilichemka korongoni, wakalala humo humo. Sasa dereva wa lori la chumvi amewapa maji, na ndiye mwenye simu. Watoto wazima. Mpanda hawaendi tena, gari ni bovu, wanarudi polepole.

"Dumu la maji liko wapi, Samson?"

Simu ikakatika, au ikakatwa.

Siku hiyo Honorata hakwenda Kibirizi. Jioni gari liliposimama nje, Ignas hakushuka hata kusalimia. Aliwashusha abiria wake, akateremsha na madumu matatu ya mawese, akaondoka.

"Hodi, Mama Kurwa," aliita Samson.

Honorata aliufungua mlango upana wa kupita mtoto. Kurwa akapita, Doto akapita. Midomo yao ilikuwa imepasuka, vumbi jekundu limejaa hadi kwenye kope. Akawapa maji kidogo kidogo, mguu wake umeuzuia mlango.

"Mama, tumeona mawe makubwa kama nyumba!" alisema Kurwa.

"Na chupa zetu," alisema Doto, "baba mdogo alizimimina kwenye gari. Nikalia. Baba akasema gari likinywa ndiyo tutafika."

Honorata alichungulia nje.

"Ulimwangalia Ignas akimimina maji ya watoto kwenye rejeta?"

"Ningefanyaje? Na ningefikaje kwa mama yako mikono mitupu? Angesema nini?"

"Mama yangu hajawahi kuniomba mawese. Ameomba kuona wajukuu. Ungempelekea maiti na mawese juu?"

"Usinitukane mbele ya watoto. Nifungulie, nina kiu."

Honorata alirudishia mlango, akaingia jikoni, akarudi amebeba lile dumu lenye kanga. Alilitua nje ya kizingiti, kando ya mawese.

"Maji yako hayo. Yamekusubiri tangu jana."

Kisha akafunga mlango, akasukuma komeo. Samson alibisha mara ya kwanza kwa vidole, mara ya pili kwa ngumi. Ndani, Honorata alikuwa ameshaanza kuwanawisha watoto nyuso.