Kichwa Kimo, Tumbo Halimo

Nilichomoa karatasi kwenye mashine ya taipu kwa nguvu hadi mashine ikalia, nikasimama mbele ya meza ya Wakili.

"Bwana Wakili," nikamwambia, "huyu mtoto ana tumbo au hana?"

Yeye alikuwa anakunywa chai. Akakiweka kikombe kwenye kisahani polepole, kama mtu anayeweka yai.

"Mtoto gani, Bi Karani?"

"Huyo aliyemo kwenye barua yako ya asubuhi na kwenye barua yako ya sasa hivi. Asubuhi umeandika kwamba si mfungwa. Sasa unaandika kwamba ni mfungwa. Zote mbili nimezipiga taipu mie. Hii ya pili mkono umekataa."

Sijui nani alishangaa zaidi, yeye au mie. Nilikuwa mwanamke pekee katika afisi ile, tena niliyeingia kwa taabu. Watu wa mtaani walishasema kwamba msichana akisoma skuli sana mwisho wake ni huu, kukaa chumba kimoja na mwanamume wa serikali na kugonga chuma mchana kutwa. Nilikuwa nimejizoesha kusema "ndiyo, bwana" hata nikiulizwa saa ngapi.

Huyo bwana wangu alikuwa Wakili wa Serikali aliyepewa mambo ya jela. Kazi yake ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuiamini. Mtu akiilalamikia jela, yeye huijibia jela. Mfungwa akisema wali una mchanga, Wakili huandika kwamba wali wa jela ni safi. Mfungwa akisema kapigwa, Wakili huandika kwamba mfungwa alianguka. Jamani, sijapata kuona watu wanaoanguka kama wafungwa wa jela ile. Walianguka penye sakafu kavu, walianguka wakiwa wamekaa, na mmoja aliandikiwa kwamba alianguka akiwa amelala.

Wakili aliandika kwa Kiingereza, mie nikageuza Kiswahili ili mlalamikaji asomewe kwa lugha yake. Barua zote zilimalizika kwa maneno yale yale, kwamba malalamiko yamechunguzwa na yameonekana hayana msingi. Vidole vilifikia kuyapiga vyenyewe. Mume wangu alikuwa Tanga kikazi, na siku moja nikamwandikia kwamba mtoto wetu ameota jino, nikamaliza kwa "yameonekana hayana msingi". Alinijibu akiuliza jino limetoka au halikutoka.

Lakini nisimsingizie Wakili ubaya. Alikuwa Muunguja wa mjini, kasoma ng'ambo, na tope la Pemba alikuwa akiliogopa kuliko hakimu. Mvua ikinyesha alitembea kama kuku aliyevishwa soksi. Mama yangu alikuwa akimleta mwanangu afisini nimnyonyeshe nyuma ya kabati la mafaili, na Wakili hapo hapo hugeukia dirisha na kusema, "Leo kuna mawingu." Alisema hivyo hata siku za jua kali. Nikimaliza, nilikuwa nakohoa, na mawingu yakaondoka.

Dirisha hilo ndilo lililoleta haya yote, maana lilitazama ua wa jela.

Kulikuwa na mwanamke mmoja wa Wingwi aliyefungwa kwa kumpiga mke mwenzake kwa mbuzi. Kesi yenyewe ilitaka kukwama, kwa sababu hakimu, mtu wa kutoka mbali, alikuwa akiandika kila kitu, na akauliza mbuzi huyo alikuwa dume au jike. Ilibidi aelezwe kwamba mbuzi huyo hana pembe wala ndevu, ni kibao cha kukunia nazi. Korti nzima ilicheka, hata aliyepigwa alicheka huku kafungwa kitambaa kichwani. Halafu mwanamke akahukumiwa, akapelekwa jela moja kwa moja, na mwanawe kiunoni. Mtoto wa kiume, anatembea, anasema maneno mawili matatu, ziwa ameshaachishwa. Hakuna aliyemuuliza mama yake amwachie nani. Kwao mbali, askari walikuwa na haraka.

Sasa sikilizeni jela inavyohesabu. Langoni pana ubao mweusi, na askari wa lango huandika kwa chaki idadi ya vichwa vilivyolala ndani. Jioni vichwa huhesabiwa, na visipolingana na ubao hakuna askari anayekwenda kwake. Siku ile aliingia mama, akaandikwa. Nyuma yake, au tuseme kiunoni mwake, akaingia mtoto, naye akaandikwa. Nilimuuliza askari baadaye kwa nini.

"Bi Karani," akanambia, "mie nahesabu kinachopumua."

Jikoni nako wana hesabu yao. Mpishi hapiki kwa ubao wa lango. Anapika kwa hukumu. Kila mwenye hukumu ana sahani, na mtoto hakuwa na hukumu, kwa hiyo hakuwa na sahani. Askari wa lango alinieleza akicheka: "Kichwa kimo, tumbo halimo." Aliona ni jambo la kuchekesha. Mie sikucheka.

Mama yake alimgawia muhogo wake na maharagwe yake, maharagwe ya jela yale ambayo hata sisi wenye meno tungeyaomba radhi kwanza. Mtoto alikuwa akilia asubuhi, na sauti ikapita dirishani kwangu. Waliozaa wanajua yanayofuata. Mwanangu yuko Gombani kwa mama yangu, ameshiba, amelala, na mie huku kifua kinasikia mtoto wa mtu mwingine kikaanza kujibu. Gauni lilirowa mbele. Nilijifunika kwa faili la malalamiko ya kuanguka. Wakili akatazama nje, akasema kuna mawingu.

Ndipo akaja bibi wa mtoto, mzaa mama, kutoka Wingwi, na kikapu cha ndizi na uji wa mtama ndani ya kibuyu. Langoni akarudishwa. Sheria ya jela ni kwamba mfungwa haletewi chakula cha nje, na mtoto yumo ubaoni. Akaja kwetu afisini. Akavua viatu mlangoni, tukasalimiana ipasavyo, habari zangu, za wazee, za mtoto, za jino la mtoto, kisha akamgeukia Wakili.

"Bwana wangu, mjukuu wangu kumfunga weye?"

Kwa Kipemba chetu, hapo "kumfunga" ni "umemfunga". Bibi alikuwa anauliza kama ni yeye aliyemfunga. Wakili, kwa Kiswahili chake cha mjini, akadhani anatajiwa kazi.

"Kumfunga mtu si kazi yangu, bibi," akajibu kwa upole. "Kazi yangu ni kuitetea jela."

Bibi akamtazama, akanitazama mie, akamtazama tena.

"Kuitetea! Nani kaipiga?"

Nilijifanya natafuta penseli chini ya meza. Nilikaa huko chini muda mrefu.

Nilipotoka, Wakili alikuwa amekwishavuta karatasi. Alikuwa mtu wa karatasi, ukimpa msiba anauandikia. Miaka ile ya vyama, watu walikuwa hawanunui hata chumvi mpaka wajue mwenye duka ni wa chama gani, na bibi akaninong'oneza, "Huyu bwana wa upande gani?"

"Upande wa jela, bibi."

"Hicho nacho chama?"

Aliomba mambo mawili. La kwanza, mtoto apewe chakula. Wakili akampelekea habari Mkubwa wa Jela, Mkubwa wa Jela akajibu, na asubuhi ya siku niliyoanza nayo kisa hiki nikapiga taipu jibu la serikali: mtoto si mfungwa, posho ni ya wafungwa, ombi halina msingi. Bibi nikamsomea barazani. Alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa bei ya samaki.

"Vyema," akasema. "Ikiwa si mfungwa, basi nipeni niende naye."

Hilo ndilo la pili. Nani angebisha? Nilidhani tumemaliza. Mchana Wakili akanipa rasimu ya jibu nigeuze. Mtoto yumo katika hesabu ya waliomo, na aliyemo hatoki ila kwa hati ya kutolewa. Hati hiyo hupewa aliyemaliza kifungo. Mtoto hana kifungo, kwa hiyo hawezi kukimaliza. Ombi halina msingi.

Nilifika kwenye "msingi", herufi ya m, mkono ukasimama. Hapo ndipo nilipochomoa karatasi.

"Keti, Bi Karani," Wakili akanambia.

"Sikai. Nieleze. Ukitakiwa kumlisha, si mfungwa. Bibi yake akimletea uji, ni mfungwa. Akitaka kumchukua, ni mfungwa, tena mfungwa asiyemaliza. Aliyeua mtu ana siku yake ya kutoka. Huyu hana."

"Mkubwa wa Jela anaogopa ubao. Akimfuta bila hati, hesabu itapungua, na hesabu ikipungua huitwa kutoroka."

"Atoroke vipi? Juzijuzi tu kajua kupanda ngazi!"

"Najua."

"Mtamtangaza? Mtasema amevaa nini? Hana suruali!"

Wakili aliuma mdomo. Naapa alikuwa anazuia kicheko, na hilo lilinizidishia hasira, maana anayecheka ameelewa, na aliyeelewa angeweza kufanya kitu. Nikamwambia hivyo hivyo. Nikamwambia pia kwamba mdogo wangu wa kiume ana mantiki nzuri kuliko ile barua, na mdogo wangu hula sabuni.

Aliinuka, akaufunga mlango, akazungumza kwa sauti ya chini.

"Mie wakili wa jela. Ukinilalamikia mie, nitakujibu. Unajua nitakujibu nini."

"Hayana msingi."

"Basi usinilalamikie mie." Akageukia dirisha, na safari hii mwanangu hakuwepo afisini. "Mtu akiwamo jela, mwenye haki ya kuuliza yumo kwa hukumu ipi ni aliyetoa hukumu. Mie sikukwambia kitu. Na ukiandika, usiandike kwa saa za afisi."

"Na mtoto wakili wake nani?"

"Hana."

Wallahi, nilitaka kumpiga kwa mbuzi, na wakati huo huo nilitaka kumpa mkono. Sikufanya lolote katika hayo. Nilichukua buibui langu, nikapita ubavuni mwa jengo mpaka penye dirisha lenye vyuma la upande wa wanawake, nikamwita yule mama. Nikamweleza nitakaloandika. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, mdogo kuliko mie. Mtoto alikuwa kwenye mapaja yake, anatafuna ncha ya kanga.

"Bibi yake amchukue," akasema. "Aliyepiga mie, nitakaa mie." Akaitoa ncha ya kanga kinywani mwa mtoto. "Hatonisahau?"

"Akusahau vipi? Uso huo kakuibia mzima. Akijitazama kwenye ndoo ya maji atakuona."

Akacheka, akafuta macho, akaniambia nimwambie bibi asimpe ndizi mbichi.

Nyumbani mama yangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema watanifukuza kazi. Nikamwambia wakinifukuza wataandika barua, na hiyo barua watakosa mtu wa kuigeuza Kiswahili. Nikaazima mashine ya mwalimu wa jirani, herufi ya r ikiwa imekatika mguu, nikaandika haya, na asubuhi kabla ya kazi nikayapeleka mahkamani kwa mkono wangu:

*Kwa Bwana Hakimu. Kuhusu mtu aliyemo jela bila hukumu.*

*Kwa heshima, mimi ni karani wa afisi inayopakana na jela. Nalalamika kwamba ndani ya jela hiyo yumo mtu ambaye mahkama yako haikumhukumu. Ni mwanamume, ana meno machache. Alifika mbele yako akiwa kiunoni mwa mama yake, na huenda hukumwona, kwa kuwa siku ile shughuli ilikuwa ya mbuzi.*

*Hatoki mtu mlangoni mle bila hati, na huyu hana. Chakula cha kwao kinarudishwa langoni, kama kinavyorudishwa cha wafungwa wengine. Tofauti ni kwamba wafungwa wengine wanakula. Nimeuliza kosa lake, sikujibiwa.*

*Ikiwa kosa lake ni kulia, ni kweli analia, na mimi ni shahidi. Naomba basi ashtakiwe, asomewe shitaka, na akatiwe muda wake, ili apate sahani na siku ya kutoka. Ikiwa hana kosa, naomba uandike amri akabidhiwe bibi yake mzaa mama. Mama yake ameridhia. Nimemuuliza mwenyewe, na amesema aliyepiga ni yeye na atakaa yeye.*

*Naomba nisijibiwe na Wakili wa Serikali wa mambo ya jela, kwa kuwa jibu lake nitalipiga taipu mimi.*

*Bibi wa mtoto analala kwangu Gombani, chumba kimoja, pamoja na mama yangu na mwanangu mchanga. Ni mtu mwema sana na anakoroma. Tafadhali amri yako isipite Ijumaa.*